Keni ya kumwagilia maua: kabla hujatoa pesa, zungusha kichwa chake

Asumini yangu ya uani imekufa mwezi wa pili, kaskazi imekaza, na haikufa kwa sababu maji hayakuwepo, tangi la darini lilikuwa nusu nzima. Nilikua nimenunua seti ya matone kwa simu, shilingi 3,800 na nauli ya mzigo juu yake, mrija mweusi mwembamba na vitone 20, vile vidude vya kudondoshea maji, vya kuchomeka kwenye vyungu, nikafunga mwenyewe, nikaenda Mombasa siku 12 harusini kwa mpwa wangu moyo umetulia kabisa. Narudi nakuta vitone 11 vimeziba ti. Mrehani umebaki vijiti, asumini niliyopewa na mamangu imekauka mpaka shinani. Nikajaribu kufungua kitone nikisafishe, wapi, kimegandishwa kiwandani hakifunguki, na muuzaji nikimpigia ananambia "nunua vingine dada, ni bei rahisi."

Sasa tangu siku hiyo nikiulizwa na mtu ninunue nini cha kumwagilia maua, siongelei lita wala rangi wala mpira una mita ngapi, hayo utayaona mwenyewe kwa macho. Nauliza kitu kimoja tu: pale maji yanapotokea, panafunguka?

Manake visima vyetu hapa Lamu mjini vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa na chumvichumvi, angalia ndani ya birika lako la chai uone ule ukoko mweupe. Watu wanasema weka chujio. Chujio linashika mchanga na majani, sawa, lakini chokaa imeyeyuka humo humo ndani ya maji, inapita kwenye chujio kama maji yenyewe, halafu maji yakikauka pale kwenye tundu ndipo inaganda, leo kidogo kesho kidogo mpaka tundu lote linakuwa jiwe. Kikiwa kinafunguka unakichovya kwenye siki au maji ya ndimu, utaona kinatoa vipovu, unasugua na mswaki mkuukuu, unasuuza, kwisha. Kikiwa hakifunguki umenunua takataka.

Kwangu mimi namba moja ni keni ya Haws na sifichi mapenzi yangu. Ni ya Uingereza, John Haws aliisajili mwaka 1886, na inasemekana fikra ilimjia Mauritius alipokuwa akipanda vanila na keni za wakati huo zikimtesa, kwa hivo imezaliwa kisiwani, bahari yetu hii hii. Ile yenye kichwa cha shaba, kile chenye matundu ya maji, ndiyo ya kutafuta. Kichwa unakichomoa kwa mkono bila spana wala bisbisi. Halafu uso wake unaangalia juu, maji yanapanda kwanza kisha yanashuka mepesi kama manyunyu, mche mchanga haulali na udongo haurukii sakafuni. Mdomo wake mrefu nao unanifikisha kwenye vyungu vya nyuma bila kulowesha majani ya mbele, na hilo ni kubwa kwetu, maji ya chumvi yakikaukia kwenye jani kingo zinaungua rangi ya kahawia. Yangu imekuja kwenye sanduku la binamu yangu. Mombasa nimeulizia duka moja wakanitajia bei ya mbuzi mzima, kwa keni!

Ya pili ni mtungi wa udongo, ule ule wa maji ya kunywa. Uzike mpaka shingoni katikati ya maua, ujaze, ufunike, maji yanavuja yenyewe polepole kwenye kuta kadiri udongo unavokauka. Wachina wameandika njia hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Nao unaziba kwa chumvi, lakini mdomo uko wazi, unaingiza brashi unasugua. Ila angalia, siku hizi wanaipaka rangi ya mafuta ipendeze, na mtungi uliopakwa rangi hauvuji hata tone, umeununua wa kutazama tu.

Seti za matone naziweka tatu, na ni zile tu ambazo kitone kina kifuniko cha kuzungusha. Mpira na bunduki yake ya kunyunyizia, sawa kama maji yako yana nguvu. Keni za plastiki za bei ya chini nyingi kichwa kimeunganishwa moja kwa moja, ukipata inayofunguka chukua. Za mabati hewa ya bahari inazila. Chupa ya soda iliyogeuzwa ni ya siku mbili tatu.

Na ukitaka maua mazuri bila kazi nyingi panda bogenvilia, mshubiri, au adeniamu ile yenye shina nene, hayo yanavumilia ukisahau. Asumini, waridi na mrehani wawekee maji ya mvua, ya jabia kama unayo, wenyewe watakwambia tofauti ndani ya wiki mbili.

Bei za huku nazielewa, mzigo unatoka Mombasa kwa basi, unapanda boti Mokowe, unashushwa na hamali, unabebwa na punda, kila mkono unataka chake na ni haki yao. Nisichokielewa ni duka kuniambia boksi halifunguliwi, ukifungua umenunua. Pesa yangu wanaihesabu mara mbili na noti ya elfu wanaiinua kwenye mwanga, mimi kuzungusha kichwa cha keni ndio makosa? Siku hizi namwambia fungua hapa hapa mbele yangu, nakishika, nazungusha, kisipotoka namrudishia juu ya kaunta naondoka.