Bukari wa Unga Mzima, Sombe ya Kinu na Munkoyo Usiotiwa Sukari: Mgahawa wa Uani Huko Katuba, Lubumbashi

Mgahawa huu hauna kibao, na pengine ndiyo sababu nilipita mbele yake kwa muda mrefu bila kujua kwamba nyuma ya ukuta ule wa matofali kuna watu wanaokula. Kinachomwongoza mgeni ni sauti ya kinu. Kuanzia saa tatu asubuhi mtwangio husikika hadi barabarani, na ukiufuata utaingia katika ua wenye mwembe mmoja, meza tano za mbao, mbabula nne (majiko ya makaa) zilizopangwa kando ya ukuta, na mama mwenye nyumba ambaye hatakuletea karatasi ya vyakula kwa kuwa hana. Atakutajia kwa mdomo kilichopikwa siku hiyo, kwa kawaida mboga mbili au tatu, samaki wa aina moja, maharage na bukari, yaani ugali wa mahindi. Na kitu kikiisha, hakipikwi tena hadi kesho yake.

Nilianza kwenda pale baada ya daktari kuniambia nipunguze chumvi, agizo ambalo ni rahisi kulitoa na gumu kulitekeleza kwa mtu anayekula mchana nje ya nyumba yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, na mtu aliyezoea mchuzi uliokolezwa kwa magi mbili tatu, vile vipande vya supu vya dukani vyenye chumvi nyingi, anaweza kumaliza fungu kubwa la kiasi hicho kabla hajafikia nusu ya sahani. Mama huyu hatumii magi. Ladha ya mchuzi wake inatokana na vitunguu vilivyokaangwa polepole, nyanya na karanga zilizosagwa, na chumvi imewekwa mezani ndani ya kikombe ili kila mtu ajitilie mwenyewe. Nakiri kwamba siku ya kwanza nilikiona chakula chake chapwa, nikarudi nyumbani nikimnung'unikia aliyenielekeza. Kufikia mara ya tatu ulimi ulikuwa umezoea, na sasa, baada ya kula pale mara sita, naona nina haki ya kusema lolote.

Nianze na bukari, maana kwa watu wa Lubumbashi mgahawa unaokosea bukari hauna la kujitetea. Sehemu kubwa ya unga tunaokula mjini unavuka mpaka Kasumbalesa ukitoka Zambia, mweupe kama chokaa, laini, umekwisha kuondolewa pumba na kile kiini kidogo cha punje. Viwanda havifanyi hivyo kwa ajili ya weupe peke yake: kiini kina mafuta, na unga wenye mafuta huchacha haraka ukikaa ghalani, kwa hiyo ukitaka mfuko udumu miezi mingi ni lazima kiini kiondolewe. Tatizo ni kwamba kinapoondoka pamoja na pumba, zinaondoka pia nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Mama mwenye mgahawa hununua mahindi kwa mfuko, huyachambua mwenyewe, huyapeleka mashineni mara mbili kwa juma, na husaga kiasi kile tu atakachokimaliza. Bukari wake si mweupe. Una rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, una vidoa, unakwaruza kidogo kwenye vidole unapoufinyanga, na ukiufungua ungali moto unanukia mahindi, harufu ambayo mimi binafsi nilikuwa nimeisahau tangu enzi za bibi yangu. Unashibisha kuliko ule mweupe. Tonge nne zinatosha mahali ambapo nilizoea kula saba. Wapo watakaoukataa kwa sababu ya rangi yake, kwa kuwa tangu siku zile wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière walipokuwa wakipewa unga wa mahindi kama posho, weupe wa unga umekuwa ni heshima katika nyumba nyingi za mji huu, na siwezi kumlaumu mtu kwa jambo la heshima.

Sombe ndiyo iliyonifanya nirudi. Nilipofika mapema siku moja nilimkuta binti wa nyumba akitwanga majani ya muhogo pamoja na vitunguu vya majani na pilipili hoho, akiyageuza kwa mkono kati ya pigo moja na jingine, hadi yakawa kama udongo wa mfinyanzi, kijani kibichi chenye povu pembeni. Nikauliza kwa nini hawapeleki mashineni, maana siku hizi sokoni kuna wanaosaga sombe kwa mashine ya mkono kwa faranga kidogo. Mama akanijibu, «Papa, mashine inakata, kinu kinaponda.» Tofauti hiyo ina maana kubwa kuliko ladha. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi iliyojificha ndani yake, na kinachoifungua itoke ni kule kupondwa, kisha moto mrefu wa sufuria isiyofunikwa huipeperusha pamoja na mvuke. Hapa sombe huchemka zaidi ya saa moja na nusu kabla ya kutiwa mawese, na sufuria huachwa wazi kwa muda mwingi. Wenzetu wa Kwango, magharibi mwa Kongo, walijifunza ukali wa sumu hiyo kwa njia chungu, kupitia mizizi michungu ya muhogo isiyolowekwa vya kutosha: ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla, ulielezwa na daktari kwa mara ya kwanza huko kwao mwaka 1938, na bado hujitokeza penye njaa na haraka. Nayataja haya kwa sababu nasikia watu wakisema kwamba chakula cha nyumbani ni salama kwa kuwa tu ni cha nyumbani. Sombe iliyopikwa kwa haraka nyumbani ni mbaya kuliko mkate wa dukani.

Kuhusu samaki sina mengi. Wanatoka Kasenga, kwenye mto Luapula, wamekaushwa kwa moshi, na hupikwa kwa nyanya na unga wa karanga. Ni wazuri, ingawa siku mbili nilikutana na mchanga chini ya sahani. Mama hujivunia kwamba hajawahi kupika thomson, yule samaki wa barafu wa dukani, na wateja wake hurudia maneno hayo kama kiapo, lakini hapo sikubaliani nao. Samaki aliyevuliwa baharini huko Namibia akagandishwa na kuletwa kwetu hajageuzwa na kiwanda kuwa kitu kingine. Ni samaki yule yule, ana mafuta mazuri kwa moyo, na ndiye ambaye familia nyingi za Lubumbashi zinamudu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo, nchini Brazili, waliokuja mwaka 2009 na mgawanyo wa vyakula ambao leo unaitwa NOVA na una makundi manne kufuatana na jinsi chakula kilivyosindikwa, wanamweka samaki wa barafu katika kundi la kwanza, pamoja na mahindi na maharage. Wa kuogopwa ni wale wa kundi la nne: soda, biskuti, soseji na hizo magi zenyewe.

Sasa nifike kwenye lengalenga, yaani mchicha, mahali ambapo mgahawa huu umeniangusha. Katika mji wetu haitoshi kuuliza mboga imepikwaje. Sharti uulize imelimwa wapi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima kwa miaka mingi udongo na mboga za bustani zilizo karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, wakakuta shaba, kobalti, risasi na kadimiamu. Vumbi lililotua juu ya jani unaweza kulisafisha kwa maji mengi, lakini madini ambayo mzizi umekwisha kuyanyonya hayatoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa. Kwa upande wa kibwabwa (majani ya maboga) na matembele, mama alinijibu bila kusita: vinatoka shambani kwa dada yake, mbali na mji, na huletwa kwa baiskeli siku ya Jumanne na ya Ijumaa. Nilipomuuliza kuhusu lengalenga alisita, akasema huzinunua sokoni asubuhi kwa mama yeyote mwenye mafungu makubwa. Sikumlaumu kwa kunijibu ukweli, na ni kweli kwamba wauza mboga wengi hawajui wenyewe mafungu yao yalikotoka. Lakini mgahawa ambao sifa yake yote imejengwa juu ya kujua kila punje imetoka wapi hauna budi kuwa na jibu lililo bora kuliko hilo. Tangu siku hiyo nakula kibwabwa cha karanga, ambacho kwa vyovyote ni kitamu zaidi.

Kinywaji ni munkoyo, hakuna kingine isipokuwa maji yaliyochemshwa. Nimenunua munkoyo barabarani miaka yote, nikidhani utamu wake ni wa sukari, na kwa wauzaji wengi ndivyo ulivyo kweli. Hapa nilioneshwa namna unavyopata utamu bila hata kijiko kimoja. Uji mwepesi wa mahindi hupikwa jioni hadi uive kabisa, kisha huachwa upoe mpaka mtu aweze kuvumilia kuchovya kidole. Ndipo mizizi ya munkoyo, iliyopondwa na kuchanwachanwa ikawa kama kamba za katani, inapotumbukizwa ndani. Mama alinipa mwiko nikoroge. Mwanzoni uji ulikuwa mzito, unashika mwiko. Baada ya muda usiozidi ule wa kunywa chai, mkono wangu ukaanza kwenda bila upinzani, na uji ukageuka kuwa maji maji chini ya macho yangu, kana kwamba mtu ameongeza ndoo. Vimeng'enya vya mzizi huukata wanga wa mahindi na kuufanya sukari, na ndiyo sababu uji ukiwa moto mno mzizi haufanyi kazi, kwa kuwa vimeng'enya huharibika. Asubuhi unachujwa. Siku ya kwanza ni mtamu kama maziwa ya mtoto. Siku ya pili bakteria wameanza kazi yao na ukali mzuri umeingia. Siku ya tatu ni kwa wenye moyo. Mtu mwenye kisukari asidanganyike na maneno «bila sukari», kwa maana sukari imo, ila imetoka kwenye mahindi. Mimi hunywa ule wa siku ya pili, kikombe kimoja.

Jumamosi kuna kikanda, na watu huja kutoka Kamalondo na Kampemba kwa ajili yake. Kwa asiyekijua, ni mkate wa viazi vidogo vya okidi za porini, vilivyokaushwa na kutwangwa, ukasongwa pamoja na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha ukaokwa kwa makaa chini ya sufuria na juu ya kifuniko. Cha hapa kina ukoko mwembamba wenye moshi, na ndani kinanesa kikikatwa kwa kisu. Ni kitamu, na mtu aliyeacha nyama hatakosa kitu mbele ya sahani hiyo. Hata hivyo, kila kiazi kilichomo humo ni mmea uliong'olewa, okidi hazilimwi kama viazi vitamu, na wachimbaji wanakwenda mbali zaidi kila mwaka. Upande wa Tanzania, uwanda wa Kitulo ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na okidi zake zilikuwa zikichimbwa kwa magunia kupelekwa Zambia. Kwa hiyo nakula kipande kimoja, mara moja moja, na ninafurahi kwamba mama hakipiki kila siku.

Mwenye haraka asiende. Nimewahi kungoja dakika hamsini, na hakuna aliyekuja kuniomba radhi, kwa kuwa kwao kungoja ni sehemu ya kupika. Maji ya kunawa yapo mlangoni pamoja na sabuni, choo ni safi, moshi wa mbabula huwasumbua walioketi upande wa ukuta. Sahani ya bukari, sombe na maharage nililipa faranga 6,000, na yenye samaki 9,000, bei ambayo ni juu kidogo kuliko malewa, ile migahawa midogo ya mtaani, ya kawaida, lakini kiasi hicho cha unga mzima na kile cha karanga si cha mchezo. Fika kabla ya saa saba mchana, uketi chini ya mwembe, na usiulize kama kuna soda.

Munkoyo wanakuuzia wa kwenda nao ukileta chupa yako. Mama alinionya nisikaze kifuniko, nami, kwa kuwa nilikuwa nimevaa shati jeupe na sikutaka limwagikiwe, nikakikaza. Chupa ililipuka kwenye kiti cha nyuma kabla sijafika nyumbani. Shati lilipona, gari bado linanuka mahindi.