Makubadhi na Hewa ya Chumvi: Polishi, Nta au Mafuta ya Nazi?

Asalaam aleikum jamaa, karibuni. Leo mezani nina vitu vitatu: kopo la polishi nyeusi ya dukani, kikopo cha nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta, na chupa ya mafuta ya nazi, ambayo hapa Lamu sijui nyumba gani itaikosa. Pembeni nimeweka makubadhi, yaani viatu vyetu vya wazi vya mikanda ya ngozi, viatu vyeusi vya ofisini na mshipi. Swali lenu ni kipi kinachotunza ngozi.

Ngojeni, sijafungua kopo bado. Tazameni huu ukanda wa kubadhi, nauleta karibu na kamera. Mwauona mstari mweupe? Wengi husema ni kuvu, wakapaka polishi juu, wakaenda zao. Hii ni chumvi. Umevuka na boti kutoka Mokowe, wimbi limekurushia maji, ngozi imeyanywa. Maji yakakauka, chumvi ikabaki ndani. Na chumvi haitulii: huvuta unyevu wa hewani, ngozi ikalowa kidogo usiku, mchana ikakauka tena, na kila ikikauka inazidi kukakamaa, mpaka ipasuke pale inapokunjika. Kuvu ina vinyweleo na harufu ya chumba kilichofungwa. Chumvi haina harufu, na ukiifuta kwa kitambaa kibichi inapotea, kisha inarudi ngozi ikikauka. Sasa wewe ukiipaka polishi, umeifungia ndani.

Kwa hiyo chumvi kwanza. Siki nyeupe kipimo kimoja, maji vipimo viwili. Chovya kitambaa, kikamue hasa, pangusa ukanda wote. Usifute doa peke yake, utabaki na alama ya duara. Jaribu kwanza upande wa chini, kwani ziko rangi zinazotoka. Rudia kwa kitambaa cha maji matupu, halafu anika kivulini penye upepo.

Kivulini, jamaa! Naona watu wanaweka viatu vibichi juu ya bati, wengine karibu na jiko. Ngozi ya makubadhi kwa kawaida hudabaghiwa, yaani hutiwa dawa isioze, kwa dawa ya magome ya miti. Hata magome ya mikoko yetu, mkandaa kwa mfano, yana dawa hiyo. Ngozi ya namna hii ikiwa mbichi kisha ikapata moto hujikunyata, na haikunjuki tena. Viatu vya ofisini vingi ni vya ngozi iliyodabaghiwa kwa kromiamu, dawa ya madini, hiyo huvumilia joto zaidi, lakini gundi ya soli haivumilii.

Haya, polishi. Kwenye kiatu cheusi sina neno nayo: inarudisha rangi, inaficha mikwaruzo, inang'aa. Ile harufu kali ni kiyeyushi, ambacho hupaa na kuacha nta na rangi juu. Juu, nasema. Ngozi iliyokauka kwa ndani haipati kitu. Na kwenye makubadhi msitie kabisa: ngozi yake iko wazi, itanywa rangi, na ukitoka jasho rangi inahamia mguuni, pengine na kwenye pindo la kanzu ya Ijumaa.

Mafuta ya nazi najua nitagombana na kina mama. Yanalainisha kweli, na haraka. Tatizo ni kwamba mafuta haya huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na Lamu ni nadra joto kushuka sana chini ya hapo. Yatabaki maji karibu siku zote, yanatambaa ndani ya ngozi, yanaifanya nyeusi na tepetepe, na mchanga wote wa Shela unanata. Tone moja kwenye mshipi mkavu, sawa. Kumimina, hapana.

Nta ya nyuki ndiyo niliyoipenda. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo hata jua la kaskazi haliiondoi. Mafuta yaliyochanganywa humo yanaingia ndani, nta inabaki juu kuzuia maji. Chukua kidogo kwa kidole, isugue ipate joto, paka, acha mpaka kesho yake, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Makubadhi haya ni kazi ya Siyu, kule kisiwa cha Pate, mji uliosifika tangu zamani kwa mafundi wa ngozi na kwa wanakili wa misahafu. Ngozi yake nene yanywa nta vizuri sana. Kasoro: haing'ai kama polishi, na ukizidisha inanasa vumbi. Rangi nayo itakoza kidogo. Mimi napenda hivyo, wewe labda hupendi.

Kuhifadhi: msitie kwenye mfuko wa plastiki. Ile marufuku ya mifuko ya 2017 iliwafanyia hisani viatu vyenu. Foronya ya pamba inatosha, na gazeti kavu ndani ya kiatu, hasa masika, kuvu inapopanda kila kitu hata mlango wa kabati.

Na wenye viatu vya swedi, ile ngozi ya manyoya: vyote vitatu hapa mezani si vyenu. Brashi kavu tu, na siku ya kupanda boti vaeni ndara.