Nilisoma Kiingereza, Wakanisomea Deni

Katika mojawapo ya zile barabara za Ngamiani, hapa Tanga, zinazoitwa kwa namba, kati ya fundi baiskeli na muuza kahawa, ipo ofisi ndogo isiyo na jina. Mlangoni umeegemezwa ubao ulioandikwa kwa chaki: barua, wasifu, tafsiri, taarifa za mikopo. Wenye ofisi ni vijana wawili, dada na kaka, wote wahitimu wa shahada ya Kiingereza. Nami nilifika kwao mwezi uliopita nikiwa mhitimu wa shahada hiyo hiyo, mwalimu wa shule ya binafsi, ninayekatwa mkopo wa elimu ya juu kila mwezi bila kujua deni limefikia wapi.

"Karibu mwalimu. Umekuja na slipu ngapi?" aliniuliza yule dada kabla sijakaa. Nilikuwa na slipu tatu za mshahara. Alinirudisha nyumbani kwa upole nikalete za mwaka mzima, jambo lililoniudhi wakati ule. Niliporudi, aliigeuza kompyuta upande wangu ili niandike nywila yangu mwenyewe kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, akatazama barabarani mpaka nilipomaliza. Adabu hiyo sijaiona katika steshenari nyingine, ambako nywila za watu huandikwa kwenye daftari la dukani.

Kisha akachukua karatasi ya daftari la hesabu na kuupasua mshahara wangu. Mshahara wa msingi ni shilingi 450,000. Asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii ni 45,000. Kodi, baada ya kuondoa mchango huo na kuanzia pale inapopita 270,000, ni asilimia 8, yaani 10,800. Mkopo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 67,500. Kinachobaki ni 326,700, na bado sijalipa pango. Watani wa mji wetu husema Tanga waja leo waondoka leo. Mshahara wangu umeushika msemo huo kuliko mgeni yeyote.

Baki la mkopo lilikuwa 7,425,000, ambalo kwa makato hayo litamalizika baada ya miezi 110, yaani miaka tisa na miezi miwili. Niliuliza kwa nini miaka yangu ya mwanzo kazini ilionekana kama haikupunguza kitu. Alinieleza kwamba hadi mwaka 2021 kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na akanipigia mfano: kwa deni la milioni tisa, tozo hiyo ni 540,000, wakati makato yangu ya mwaka mzima ni 810,000. Theluthi mbili ya nilichokuwa nikilipa ilikuwa ikiziba tozo tu. Nilikuwa nimesikia tozo imefutwa, lakini sikuwahi kuona kwa macho ilikuwa imenila kiasi gani. Tukiwa chuoni tulipokea bumu, yaani fedha ya kujikimu, la shilingi 8,500 kwa siku kwa shangwe, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kukaa na kalamu akapiga hesabu ya namna hii.

Hapo ndipo zile slipu za mwaka mzima zilipojieleza. Akiziweka moja moja pembeni ya taarifa ya marejesho, alikuta miezi minne ambayo nilikatwa lakini fedha hazikufika: jumla 270,000. Mwajiri anatakiwa kisheria kuyawasilisha makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Yule kaka aliandika barua kwa mwajiri wangu, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kisicho na ukali wala unyenyekevu wa kujikunyata, na kuambatanisha nakala za slipu. Miezi mitatu kati ya hiyo minne imeshaonekana kwenye taarifa. Kwa kazi yote hiyo nililipa shilingi 8,000.

Nilipowauliza wao wanaishije, kaka alicheka. Shahada zao, kama yangu, hazikuwa na ualimu ndani yake, kwa hiyo matangazo ya ajira za walimu serikalini huwapita. Kipato chao hufuata msimu: kazi za bomba la mafuta la kutoka Uganda hadi Chongoleani zilipokuwa zikitangazwa, walitafsiri na kupanga wasifu mpaka usiku, lakini mwezi wa Ramadhani huweza kupita kwa barua za posa na maombi ya likizo tu. Na wao wana mikopo. Aliyejiajiri ana kiwango cha chini cha kulipa, shilingi 100,000 kwa mwezi, ambacho ni kikubwa kuliko makato yangu mimi mwenye mshahara. Uingereza, alisema dada, mwanafunzi aliyeanza chuo tangu Agosti 2023 hulipa asilimia 9 ya kile tu kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Chini ya hapo hatakiwi kulipa kitu. Mimi naona kiwango cha namna hiyo kingewafaa hawa wawili kuliko punguzo lolote la tozo, kwa kuwa shida yao ni miezi mikavu.

Dosari sasa. Niliwapa pia cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu wakitafsiri kwa Kiingereza, kwa shilingi 10,000. Tafsiri ilikuwa safi, nami ninaweza kuipima. Hata hivyo ilikataliwa ilikopelekwa kwa kukosa muhuri wa BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, na hakuna aliyetuonya mapema. Walirudisha nusu ya fedha baada ya kubembelezwa, na ningependa wangeirudisha bila kubembelezwa. Kwa hati inayokwenda ubalozini, ulizeni kuhusu muhuri kwanza.

Hufungua saa mbili asubuhi, hufunga wakati wa swala ya Ijumaa, na baada ya saa kumi foleni hupungua. Ukienda kwa ajili ya mkopo, beba slipu zote, hata za miezi unayoamini haina tatizo. Miezi yangu minne ilikuwa miongoni mwa hiyo.