Apdeti ya kuipa gemu wepesi: naisubiri, ila wamenikera

Gemu yenyewe siitaji jina. Mnaoicheza mtaijua kabla hamjamaliza aya hii: vikosi vya watu wanne wanne, eneo linabana kila baada ya dakika kadhaa, kikosi cha mwisho kubaki ndicho kinachoshinda. Msioicheza hamjakosa kitu. Kwa kweli mmekosa, lakini acha kwanza niseme kilichonileta.

Kilichonileta ni kuganda. Ukizurura peke yako porini gemu inateleza vizuri tu, mpaka unajiuliza watu wanalalamika nini. Subiri ukutane na watu. Kikosi kingine kikitokea mlangoni, mmoja akarusha bomu la moshi, picha inasimama. Sauti inaendelea, risasi unazisikia, ila macho yanaangalia tukio lililokwisha kupita. Picha ikirudi umeshalala sakafuni unatazama soli za viatu vya aliyekuua. Halafu anakuchezea ngoma kichwani, na ngoma hiyo haigandi hata kidogo.

Mtu akiniambia kwake inatoa wastani wa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, namjibu kwamba wastani haujawahi kumwokoa mtu. Fremu 60 maana yake kila picha iwe imetengenezwa ndani ya milisekunde 17 hivi. Picha nyingi zikiwahi na moja ikachukua robo sekunde, kwenye wastani haionekani. Kwenye mechi ndiyo hiyo hiyo iliyokumaliza.

Nimefanya kila linalofanywa. Vivuli nimezima, nyasi nimezima, ubora nimeushusha mpaka nyumba za kwenye ramani zinaonekana kama hazijapigwa plasta. Fremu zilezile. Na hapo mtu yeyote aliyewahi kuhangaika na kompyuta anapata jibu: ukishusha grafiki zote na kasi isipande, kadi ya grafiki haina kosa. Imekaa tu inaisubiri prosesa, ubongo wa kompyuta, imalize kupiga hesabu za nani yuko wapi, nani anakimbia, nani ameinama, risasi ya nani imempata nani. Wachezaji wakijaa, hesabu zinajaa. Na kama zote zimerundikwa kwenye kiini kimoja cha prosesa, vile viini vingine vinaota jua. Mteja hana la kufanya hapo. Ni kazi ya aliyeiandika programu.

Kuna la RAM pia, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mechi ya kwanza safi, ya pili inavumilika, ya tatu kumbukumbu imejaa na kila kitu kinatambaa, kwa sababu gemu haiachii ilichokishika kwenye mechi zilizopita. Ukiizima na kuiwasha inapona. Kikosi chetu kizima tumeshazoea: mechi mbili, wote tunatoka, tunarudi. Hata binamu yangu aliyeko Muscat, mwenye mashine ambayo mimi kuipata labda niuze kiwanja, naye anatoka anarudi.

Basi nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwa adabu, maana nilikuwa bado nawaheshimu.

Jibu la kwanza lilikuja chapu na lilikuwa la mashine: sasisha draiva, kagua mafaili ya gemu, zima ruta uiwashe. Nikafanya yote, nikawajibu. Wakaomba faili la DxDiag, lile linaloorodhesha vilivyomo ndani ya kompyuta. Nikatuma. Wakaliomba tena lilelile. Nikatuma tena, na safari hii nikaweka video: nimerekodi mechi nzima, pembeni kuna grafu ya muda wa kila fremu, unaiona kabisa inaruka kila kikosi kingine kinapokaribia, na kumbukumbu inapanda mechi hadi mechi. Kuipandisha ile video bando langu la wiki liliteketea lote.

Ndipo akaja binadamu. Nasema binadamu kwa sababu aliweka jina lake na akanitakia siku njema. Video hakuifungua. Kiungo kinaonyesha imetazamwa mara ngapi, na palikuwa na sifuri iliyonona kabisa. Akasema kifaa changu kinatimiza mahitaji ya chini ya gemu, hivyo shida inaweza kuwa mtandao, na kwamba kwa uchezaji bora wananishauri nifikirie kubadilisha kompyuta au kucheza nikiwa mahali palipo karibu zaidi na seva zao.

Seva zao, kompyuta zinazoendesha mechi, ziko Frankfurt. Mimi niko Tabata, Dar. Sasa nifunge virago? Nimwambie mama mwenye nyumba kodi niliyolipa imalizwe na mpangaji mwingine, mimi nahamia Ujerumani kwa ajili ya bomu la moshi?

Nikiwa bado naandika jibu, akaifunga tiketi ya malalamiko yangu. Hali: imetatuliwa. Chini yake zikaja sura tano za katuni, kuanzia inayolia hadi inayochekelea, nichague nimeridhika kiasi gani. Nikabonyeza inayolia. Ukaja ujumbe kwamba maoni yangu yanawasaidia kuboresha huduma.

Fundi wa Kariakoo akishindwa na simu yako atakudanganya, hilo tunalijua sote, lakini walau ataifungua kwanza. Huyu hakufungua kitu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kuganda kwenyewe. Kuganda naweza kukuvumilia, nimecheza na kompyuta mbovu maisha yangu yote. Kuambiwa tatizo ni mahali ninapoishi, na mtu ambaye hajatazama hata sekunde moja ya ushahidi niliomletea, hapana.

Sasa sikia. Muda si mrefu baadaye watengenezaji wenyewe wakatoa tangazo. Inakuja apdeti kubwa ya kuipa gemu wepesi. Ndani yake: hesabu za miendo ya wachezaji zitagawanywa kwenye viini vingi vya prosesa. Kumbukumbu inayovuja kati ya mechi na mechi imegundulika. Na sheda, vile vijiprogramu vinavyoielekeza kadi ya grafiki namna ya kuchora moshi, mwanga na maji, zitaandaliwa gemu inapofunguka badala ya kungojewa mpaka moshi wenyewe utokee katikati ya vita. Ndiyo maana bomu la moshi lilikuwa linaniua! Mara ya kwanza moshi ukitokea, mashine inasimama kujifunza kuuchora.

Yote matatu yalikuwa kwenye barua yangu. Sheda sikuzitaja kwa jina, lakini moshi niliutaja. Hakuna aliyeniandikia kusema "ndugu mteja, ulikuwa sahihi". Tiketi bado inasema imetatuliwa.

Na si wa kwanza hawa. GTA Online, gemu ya Rockstar, ilitoka 2013, na kwa miaka watu walikuwa wanakaa dakika kadhaa wakisubiri ifunguke, kila mtu akilaumu diski yake. Mwaka 2021 mtaalamu mmoja wa nje, asiyeajiriwa nao, akaifungua programu na kuichungulia. Akakuta inasoma faili la megabaiti kama 10 lenye orodha ya vitu vya kununua, vipengele 63,000 hivi, na kwa kila kipande inachosoma inahesabu upya urefu wa maandishi yote yaliyobaki. Orodha ya duka, jamani! Alipoirekebisha kwenye mashine yake, kusubiri kukashuka kutoka dakika sita hadi chini ya mbili. Rockstar, tuwape haki yao, walikubali, wakamlipa dola 10,000, na Machi ya mwaka huohuo wakatoa apdeti. Kwa hiyo mtu akikwambia "nunua kompyuta mpya", muulize kwanza kama ameshasoma programu yake mwenyewe.

Tangu tangazo lile tunapigwa danadana. Mwanzoni ilikuwa "mwezi huu". Ikawa "wiki zijazo". Sasa hivi ni "itakapokuwa tayari". Wakati huohuo duka la mavazi linabadilishwa kila wiki bila kuchelewa hata saa moja. Kuna koti jipya la dhahabu, kuna kofia yenye pembe, na duka hilo linafunguka haraka ajabu. Ubisoft mwaka 2017 waliahirisha vitu vipya vya msimu mzima kwenye gemu yao ya Rainbow Six Siege, wakauita msimu huo Operation Health, wakakaa kurekebisha. Wachezaji wengine walinuna. Lakini walionyesha ni kipi kinatangulia. Hawa wetu wanashona makoti.

Hasira isinifanye niseme uongo, kuna kitu hii apdeti haitakigusa, nacho ni pingi. Fremu ni mambo ya ndani ya mashine yako, pingi ni safari: muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi. Dar hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 ukinyoosha mstari, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu ni milisekunde 70, kabla hujahesabu kwamba nyaya hazinyooki: zinapita baharini, zinazunguka, zinapokezana. Uhalisia ni mara mbili ya hapo na zaidi. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilitambaa Tanzania na kwa majirani, na hakuna mtengeneza gemu wa kulaumiwa kwa hilo.

Lakini wa kulaumiwa kwa kutokodi seva Afrika yupo. Microsoft wana vituo vya data Johannesburg tangu 2019. Amazon wako Cape Town tangu 2020. Johannesburg kwetu ni kilomita 2,500 hivi. Hakuna anayewaomba wajenge jengo Tabata. Wakodi tu, kama wanavyokodi kwingine, halafu ndipo yule bwana aniambie nisogee karibu na seva. Nitasogea. Nitahamia hata Mbeya.

Nilisema mmekosa kitu. Usiku mmoja wa juzijuzi tulibaki wawili, mimi na jamaa yetu wa Mombasa, binamu keshakufa anatupigia kelele masikioni kutoka Muscat. Vikosi viwili vingine vilikuwa hai, eneo limebana hadi ghorofa moja tu. Jamaa ananinong'oneza, "Usitoke bwana, wamekaa ngazini, ngoja wapigane wao kwa wao." Tukangoja. Wakapigana. Tukashuka. Moshi ukapasuka mbele yangu, nikafumba macho kabisa nikijua ndiyo basi, nikafumbua, picha inatembea! Sheda ilikuwa imeshaundwa kwenye pigano la mwanzo. Nikamwona mmoja anajaza risasi, mwingine yuko na jamaa, na sekunde chache baadaye tukawa tumeshinda. Mama mwenye nyumba akaja kugonga mlango kuuliza kuna msiba gani. Binamu analia kwa kucheka. Sijui gemu nyingine inayoweza kuwakutanisha watu watatu wa miji mitatu namna ile. Hilo nalo linaniongezea hasira: kitu kizuri hivi, halafu kimekabidhiwa kwa mtu asiyefungua video.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Nikiukumbuka ule usiku naona nne. Nikikumbuka "mahali palipo karibu zaidi na seva", narudi kwenye moja, na hiyo moja ni kwa sababu mfumo hauruhusu sifuri. Basi niweke mbili, na mbili hizo ni za gemu. Huduma kwa wateja haina chake hapo.

Kama unafikiria kuinunua sasa, subiri. Kama unayo tayari, nawe unaisubiri apdeti, acha nafasi ya kutosha kwenye diski, maana mara nyingi mzigo ukifunguliwa unataka nafasi kubwa kuliko ulivyoshushwa, na ushushe usiku bando likiwa rahisi. Ikishakaa, mechi ya kwanza usicheze za daraja, zile za kupanda au kushuka ngazi. Sheda huenda zikajengwa upya baada ya apdeti, mashine itahema hata kama kazi wameifanya vizuri, na utajikuta unawatukana bure. Cheza ya pili. Cheza na ya tatu bila kutoka. Kumbukumbu ikishikilia mpaka ya tatu, narudi hapa kuongeza nyota. Ikijaa, koti lao la dhahabu wavae wenyewe.