Bodi ya Canter hapa Mtwara: mbao safi, rangi hapana

Kwa wenye Canter huku kusini mnaoulizia fundi bodi, mimi ya kwangu nimechongesha gereji moja ipo Chikongola. Kwenye mbao hawa jamaa wako vizuri aisee. Wametumia mninga uliokauka kabisa, mbichi ungeanza kupinda ubavuni kabla hata msimu haujaisha, na boriti za chini wamezifunga kwenye chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari) na yubolti, zile bolti zilizopinda kama U, halafu kati ya mbao na chuma wakalaza vipande vya tairi kuukuu. Nimetoka Tandahimba na magunia ya korosho, barabara mnaijua wenyewe, bodi kimyaa hailii.

Mi mpenzi wa magari ya zamani so nilikuwa nawaangalia nacheka tu, maana hii ndo biashara ya matajiri wa Ulaya kabla ya vita ya pili ya dunia. Rolls-Royce walikuwa wanakuuzia chesisi na injini, bodi unaenda kuelewana mwenyewe na watu kama Hooper au Park Ward, wanasimamisha fremu ya mbao wanaivalisha aluminiamu iliyogongwa kwa mkono. Na zao nazo zilikuwa zinalia! Mpaka Charles Weymann, rubani mmoja, akaja na fremu ambayo mbao na mbao hazigusani, zinashikwa na vibati vya chuma, na juu inavishwa kitambaa. Mteja akitaka kituko anapewa, kuna Armand Esders mwaka 1932 kachukua Bugatti Royale, injini lita 12.7, akataka isiwekwe taa kubwa za mbele eti usiku haendeshi. Mimi nimeomba tu mlango wa nyuma ugawanywe mara mbili fundi mkuu akanikazia macho, ila kafanya, na unafunga vizuri.

Sasa rangi. Hapo wametuangusha. Puti, ile ya kusawazisha kabla ya rangi, haijasuguliwa ikaisha, ukisimama kwenye jua unaona mistari ya msasa ubavu mzima wa kushoto, na kuna sehemu rangi imechuruzika wakaiacha hivyo hivyo. Halafu "kesho" yao usiipangie mzigo. Bei ni ya kuelewana, ya mbao mbali na ya ufundi mbali, hakikisha mnaandikishana kabla hujaacha gari maana misumari na bolti huwa zinaongezeka njiani.

Bodi kachongeshe pale, rangi peleka kwingine.