Chatiboti iliniambia ni mafua: uzoefu wangu na kikohozi cha mtoto

Mwanangu ana miaka 2. Ilikuwa siku ya tatu anakohoa, baba yake yuko safarini, zahanati ya mtaani imeshafungwa. Nikafungua chatiboti ya akili mnemba ambayo huwa inanisaidia kuandika barua za kazi, nikaandika kama ninavyoongea: "Mtoto ana homa na kikohozi, hataki kula, nimpe nini?"

Jibu likaja papo hapo, kwa Kiswahili kizuri. Huenda ni mafua. Maji ya kutosha, asali kidogo, parasetamoli kulingana na uzito, na mwishoni kabisa, amwone daktari hali ikizidi. Ile lugha ya upole ilinituliza, nikalala.

Asubuhi mama mkwe alimvua fulana amwogeshe, akaniita. "Mama, hebu njoo utazame. Mbona mbavu zinadidimia?" Kila mtoto alipovuta pumzi, kifua kwa chini kilibonyea kwenda ndani. Na mimi usiku kucha nilikuwa nimemfunika blanketi.

Kituo cha afya, nesi alimwacha mtoto atulie mapajani mwangu, akatazama saa yake, akahesabu pumzi dakika nzima: 56. Akanieleza kwamba kwa mtoto wa mwaka 1 hadi asiyefika miaka 5, kuanzia 40 ni pumzi za haraka. Kwa wa miezi 2 hadi 11, ni kuanzia 50. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Ni nimonia. Tukapewa vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha kwenye maji, mara mbili kwa siku kwa siku 5, na onyo: akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, tumrudishe hapo hapo.

Siku ya nne, mtoto ameanza tena kukimbiza kuku, nikairudia ile chatiboti. Safari hii niliandika: miaka 2, kikohozi, pumzi 56 kwa dakika, kifua kinabonyea. Mstari wa kwanza wa jibu: mpeleke hospitali sasa hivi.

Hapo ndipo nilipoumia. Kumbe ilikuwa inajua. Usiku ule haikuniuliza mtoto anapumuaje, wala haikuniambia nimfunue kifua, na mimi sikujua kwamba hilo ndilo la kusema. Ilipokea maneno yangu machache ikayajengea jibu.

Baada ya vipimo, lakini, ilinifaa sana. Nilipotaka kuacha dawa kwa sababu mtoto amechangamka, ilinieleza kwa utulivu kwa nini dozi imalizwe, sawa kabisa na alivyosema nesi.

Juzi mdogo wangu alinipigia, mwanawe wa miaka 3 ana homa, akataka niiulize. Nikamwambia, mdogo wangu, kwanza mfunue kifua, hesabu dakika nzima akiwa ametulia, unipe namba. Ilikuwa 28. Hata hivyo alimpeleka akapimwe malaria.