Riba sifuri au punguzo la keshi?

Kwa mlioko Marekani mnaotaka gari mpya, dila mara nyingi anakuwekea ofa mbili uchague moja, mkopo wa riba 0% au punguzo la keshi, zote pamoja hupewi. Chukua gari ya dola 30,000. Riba sifuri kwa miezi 60 ni dola 500 kila mwezi, basi, hamna hesabu nyingine. Sasa ukichukua punguzo la 3,000 halafu hizo 27,000 ukakope kwenye saccos za huku (credit union) kwa 6%, unalipa kama 522 kwa mwezi na mpaka unamaliza zimekutoka 31,300 na kitu, kwa hiyo sifuri kashinda. Ila ukibana ukamaliza kwa miezi 36 unaishia 29,570 hivi, hapo punguzo ndo tamu.

Halafu sifuri yenyewe ni ya wenye krediti skoa safi (alama za jinsi unavyolipa madeni), mgeni aliyefika juzi anaambiwa hana vigezo wakati fomu kajaza zote na funguo kashashika, ndo anapachikwa riba ya ajabu. Mi ningeenda na barua ya saccos mfukoni, kwamba mkopo wameshanikubalia. Na bei ya gari mmalizane kwanza, akikuuliza "kwa mwezi unaweza ngapi" usimjibu.